Mpango Kazi wa Zana Huria: Anza na Kalenda ya Korosho

Kama unatunza zana huria ambayo watengenezaji programu wenzako huitumia kujengea mifumo ya mazao, afya au elimu, na baadhi ya mifumo hiyo inafika Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, usianze mpango kazi wa mwaka ujao kwa kufungua orodha ya maombi. Anza na kalenda ya mazao. Ufuta huanza kuingia maghalani katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na ikifika Oktoba minada ya korosho inafunguliwa. Mvua zikishika, kuanzia Desemba hivi, njia za kwenda kata za mbali kama Kilimarondo huwa ngumu, na mtu aliyeko huko na kishikwambi kilichogoma hana fundi wa kumkimbilia. Tarehe hizo huzipangi wewe wala mfadhili wako. Mengine yote kwenye mpango yanaweza kusogezwa, hizo hazisogei.

Nalisisitiza hili kwa sababu mipango ya zana za namna hii huandikwa Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya, na hugawanywa kwa robo za mwaka wa fedha. Toleo kubwa linapangiwa Novemba kwa kuwa mwishoni mwa mwaka kuna ripoti ya kuandika. Novemba hiyo hiyo karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) ana foleni ya magunia mpaka nje ya ghala.

Mwangalie karani huyo akiwa kazini. Gunia linawekwa juu ya mizani. Anasoma kilo, anaangalia unyevu na daraja la korosho, anatafuta namba ya mkulima, anaandika, kisha anampa mkulima karatasi yake. Mkulima habanduki hapo mpaka aone kilo zake zimeandikwa sawa, na ana haki, maana fedha zitakuja baada ya mnada kwa kufuata karatasi hiyo. Mzigo unatoka hapo kwenda ghala kuu chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na chama kikuu cha ushirika, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, ndicho kinachousimamia hadi mnadani. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kwa hiyo kilo iliyokosewa kwenye mizani inasafiri njia yote hiyo hadi kwenye akaunti ya mkulima. Maktaba yako ya msimbo ikishindwa kutambua nukta ya desimali, kilo 61.5 zinakuwa 615, au zinakataliwa kabisa na karani anarudi kwenye daftari.

Wewe hukuandika mfumo wa yule karani. Umeandika zana tu, na mtengenezaji programu mwingine ndiye aliyejenga mfumo juu yake. Hapo ndipo ugumu wa kupanga vipaumbele vya zana ya watengenezaji ulipo: anayekuletea maombi ni mmoja, anayeumia ni mwingine, na mara nyingi hawa wawili hawajawahi kukaa meza moja.

Wasikilize wote wawili, kila mmoja kwa njia yake

Kwa watengenezaji programu wanaotumia zana yako, usiulize wanataka nini. Ukiuliza hivyo utapata orodha ndefu ya vitu vizuri walivyoviona kwenye zana nyingine. Waulize wamejenga nini, walikwama wapi, na walipokwama walizunguka vipi. Jibu la swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu aliyenakili faili lako na kulirekebisha kivyake, au aliyeandika msimbo wa kuhifadhi data kwenye simu kwa sababu zana yako inadhani mtandao upo wakati wote, amekwisha kukueleza kipaumbele chako kwa jasho lake. Pitia misimbo iliyo wazi ya mifumo inayotumia zana yako. Ukikuta watu watatu tofauti wameandika kiraka kimoja, hicho ndicho cha kushughulikia kwanza, hata kama hakuna aliyewahi kukuandikia ombi rasmi.

Kwa karani, muuguzi wa zahanati au mwalimu, hutajua kwa dodoso. Mwombe mtengenezaji programu akupeleke. Ukifika, kaa pembeni na utazame, usimfundishe mtu. Utaona simu ikiwekwa juu ya gunia ili kupata mtandao. Utaona mtu akizima data ili bando lisiishe kabla ya jioni, na hapo utajua kwamba sasisho lako la megabaiti 40 lina bei. Utaona majina mawili yanayofanana kwenye orodha moja na karani akiwatofautisha wenye majina hayo kwa kijiji cha baba. Mambo hayo hayaandikwi kwenye ombi lolote.

Mfano mzuri wa zana iliyonyooshwa na mazingira ya aina hii ni DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Tanzania iliueneza nchi nzima kufikia 2013, kwa kazi kubwa iliyofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Ndani ya wilaya kazi yenyewe ilikuwa hivi: zahanati inajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya mfumo wa taarifa za huduma za afya, mwisho wa mwezi inajumlisha, fomu inapelekwa wilayani, na pale mtu mmoja anakaa na rundo la fomu akiziingiza kwenye kompyuta. Mtandao ukikatika katikati ya fomu ndefu, kila kitu kinaanza upya. Kwa mtu wa ofisini mwenye intaneti ya uhakika, kipaumbele kingekuwa grafu nzuri zaidi. Lakini ukurasa wa kuingizia takwimu ulipewa uwezo wa kuhifadhi data ndani ya kivinjari mtandao ukiondoka na kuzituma ukirudi. ODK, zana ya fomu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008 chini ya Gaetano Borriello na wanafunzi wake, ilijengwa kwa dhana hiyo tangu mwanzo: jaza ukiwa popote, tuma ukifika penye mtandao. Zana zote mbili zimedumu katika nchi ambako zana nyingi zenye sura ya kupendeza zimekufa.

Pima maombi kwa hasara

Sasa ndipo ufungue orodha ya maombi. Kwa kila ombi andika sentensi tatu: nani amekwama, anafanya nini sasa hivi badala yake, na kitapotea nini tukiliacha mpaka msimu upite. Ukishindwa kuandika sentensi ya kwanza bila kusema "watumiaji" kwa ujumla, ombi hilo lisubiri. Ukishindwa ya tatu, liondoe kwenye mpango wa mwaka huu kabisa.

Usihesabu kura. Wanaopiga kura kwenye ukurasa wa mradi ni wale wenye bando la kutosha, wanaoandika Kiingereza bila hofu, na wenye muda wa kufuatilia mijadala. Kijana anayetengeneza mfumo wa AMCOS tatu kutoka chumba kimoja Nachingwea mjini hatapiga kura. Atazunguka tatizo, au ataachana na zana yako kimyakimya, nawe hutajua. Kwangu mimi ombi moja lenye sentensi tatu zilizokamilika lina uzito kuliko vidole gumba hamsini.

Kuna mambo hayahitaji kupimwa kwa sababu yana tarehe au sheria nyuma yake. Google Play, kwa mfano, kila mwaka huweka tarehe, ambayo kwa kawaida ni 31 Agosti, kwamba programu mpya na masasisho lazima yalenge toleo la karibuni la Android. Zana yako isipokuwa tayari, kila aliyejenga juu yake atazuiwa kupandisha sasisho, na atazuiwa wiki chache kabla ya korosho. Weka kazi hiyo Juni au Julai. Jambo la pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania 1 Mei 2023. Orodha ya wakulima ina majina, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), namba za simu na akaunti za benki. Kama zana yako huandika kumbukumbu za hitilafu zenye data hizo waziwazi, au huzituma kwenye seva yako ili ujue nini kimeharibika, rekebisha hilo kabla ya kitu kipya chochote. Mtengenezaji programu mdogo hatalijua mpaka limfikishe pabaya, na aliyemwingiza humo utakuwa wewe.

Baada ya hapo hesabu mikono, na uwe mkweli. Watunzaji wengi wa zana huria hufanya kazi hiyo jioni baada ya ajira yao. Jumlisha saa ambazo watu wako wametoa kweli mwaka uliopita, siyo walizoahidi. Nusu yake iweke kwenye matunzo: kurekebisha hitilafu, usalama, kujibu maswali, kusasisha maelekezo. Kinachobaki ndicho cha mambo mapya, na kwa miradi mingi kitatosha mambo mawili makubwa kwa mwaka, pengine moja. Mpango wenye mambo kumi na mawili mapya ni ahadi ambayo mtu wa Ruangwa ataitegemea na kukosa.

Reli na bandari

Nachingwea ina kumbukumbu yake ya mpango uliokosea mpangilio. Mwaka 1946 timu ya John Wakefield ilitumia wiki tisa kuchunguza uwezekano wa kilimo kikubwa cha karanga Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaanza utekelezaji. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliagizwa, vikiwemo vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani kuja Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara. Yote hayo yalifanyika kabla hawajajiridhisha kuhusu udongo na mvua. Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Watu hukumbuka hadithi hii kama onyo la kujaribu kidogo kabla ya kupanua, na ni kweli. Lakini kwa mpangaji wa zana kuna somo la pili ambalo naliona kubwa zaidi. Reli ilifungwa mwaka 1962. Bandari ya Mtwara ipo hadi leo, na korosho za kusini zinapita hapo. Reli ilijengwa kwa ajili ya zao moja, na zao lilipokosekana haikupata mzigo wa kuiweka hai. Bandari ilipokea mzigo wowote uliokuja.

Chukua kipimo hicho ukipanga kazi kubwa. Jiulize kama unachotaka kujenga kitatumika na mfumo mmoja wa mteja mmoja, au ni mahali ambapo mzigo wowote unaweza kupita. Moduli ya kutengeneza stakabadhi kwa muundo wa AMCOS moja ni reli. Muundo wa data ulioandikwa vizuri, unaoweza kusomwa na mfumo mwingine bila kukuomba ruhusa, ni bandari. Mfano ulio hai ni XLSForm, utaratibu wa kuandika fomu kwenye jedwali la kawaida la Excel: fomu moja inaweza kutumika kwenye ODK na kwenye KoboToolbox, zana nyingine ya fomu, na aliyeiandika hahitaji kujua msimbo. Shirika likibadilisha mfumo, fomu zake hazipotei. Mfadhili akija na fedha za reli, zungumza naye sehemu ya fedha hizo zijenge bandari. Akikataa kabisa, pima kama una mikono ya kuitunza hiyo reli miaka mitano baada ya yeye kuondoka. Mara nyingi huna.

Kwa sababu hiyo hiyo, kutovunja kilichokwisha kujengwa kiwe juu ya orodha. Lugha ya Python ilitoa toleo la 3 Desemba 2008 likiwa haliendani na la 2, na ikachukua hadi 1 Januari 2020 kulizika la zamani, ilhali Python ina jamii kubwa na makampuni makubwa nyuma yake. Mfumo wa AMCOS uliojengwa na kijana aliyekwisha kuhamia Arusha hauna mtu wa kuuandika upya. Ukibadilisha jina la amri moja tu kwa kupenda unadhifu, mfumo huo unaweza kufa na hakuna atakayekuandikia kukueleza.

Mrithi awe ndani ya mpango

Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliofichwa ndani ya xz, zana ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Alianza kushuku kwa kuwa kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya mbali kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Ilipofuatiliwa ikaonekana kwamba xz kwa miaka mingi ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, aliyekuwa amechoka na akilalamikiwa kwa kuchelewesha mambo, na kwamba mtu aliyejiita Jia Tan alijisogeza kama msaidizi kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akapewa mamlaka. Waliomshinikiza Collin walikuwa wakidai mambo yaende haraka.

Kwa hiyo kumpata mtunzaji wa pili iwe kazi yenye saa zake kwenye mpango, sawa na kazi ya msimbo. Watafute watu unaoweza kuonana nao. Lindi na Mtwara kuna vijana waliosomea kompyuta wanaotengeneza simu, kuendesha steshenari na kuandika mifumo midogo kwa oda. Mmoja wao akikuletea marekebisho ya mstari mmoja, mjibu siku hiyo hiyo, kwa heshima, na kama kuna kosa mweleze sababu. Mpe kazi ya pili kubwa kidogo. Ndani ya msimu mmoja utajua kama anaweza kushika funguo. Kama mradi una fedha yoyote, mlipe, maana bando na umeme anavinunua yeye.

Katika hili Kiswahili ni nyenzo ya kazi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, na ulithibitisha kwamba inawezekana. Ila tafsiri haimaliziki mara moja, maana kila toleo jipya huleta maneno mapya. Usipange "kutafsiri zana" kama kazi ya mwezi mmoja. Chagua sehemu chache utakazozitunza daima: ujumbe wa makosa, mwongozo wa kuanza, na mfano mmoja kamili unaofanya kazi. Ujumbe wa kosa unaosema "kilo haziwezi kuwa juu ya uwezo wa mizani, angalia nukta" humsaidia mtengenezaji programu, na akiuacha upite hadi kwenye skrini humsaidia karani pia.

Mwaka wenyewe

Ukikusanya hayo, mwaka unajipanga karibu wenyewe. Januari na Februari, korosho zikiwa zimekwisha na watu wangali wanakumbuka kilichowaudhi, ni wakati wa kusikiliza na kuandika zile sentensi tatu. Machi mpango unatoka hadharani, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, ukiwa na sehemu inayosomeka wazi ya mambo ambayo hamtayafanya mwaka huu na sababu zake. Usiogope sehemu hiyo. Mtengenezaji programu akijua mapema kwamba hutaleta uchapishaji wa risiti kwa Bluetooth, atatafuta njia nyingine. Asipojua, atamwahidi mteja wake.

Machi hadi Mei jengeni jambo kubwa la mwaka. Msimu wa ufuta ndio wa kulijaribia, kwenye AMCOS moja au mbili zilizokubali, huku daftari la karatasi likiendelea kujazwa sambamba na kulinganishwa kila jioni. Ufuta una foleni, una mizani na una mnada kama korosho, kwa hiyo makosa mengi yatajitokeza hapo, na mtakuwa na Julai na Agosti za kuyarekebisha. Jambo lililoshindwa kwenye ufuta lisipelekwe kwenye korosho hata kama liliandikwa kwenye ripoti ya mfadhili. Mwandikie mfadhili ukweli. Wengi wataelewa wakiona kumbukumbu za daftari.

Agosti ikiisha, funga. Septemba ni ya maelekezo na ya kuwapigia simu watengenezaji programu mmoja mmoja kuwauliza wako toleo gani. Kuanzia Oktoba mpaka mnada wa mwisho wa korosho usitoe kitu kipya chochote. Rekebisha hitilafu tu, kwa masasisho madogo, na kila sasisho lieleze kwa sentensi moja limebadilisha nini na kama linaweza kusubiri. Wekeni zamu ya mtu mmoja wa kupokea simu siku za wikiendi pia, kwa sababu magunia hupimwa hata Jumamosi.

Fungua basi mpango kazi ulionao sasa hivi, utafute kilichopangwa kutoka kati ya Oktoba na Januari, na ukihamishe leo.